Njoro, wiki ya kwanza ya kazi

Alhamisi jioni. Baridi ya Njoro haingoji usiku. Chuo Kikuu cha Egerton kiko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na mwalimu anayehamia kutoka Kisumu na sweta moja jepesi atalijua hilo siku ya kwanza atakapopangiwa kipindi cha saa moja asubuhi. Palianza kama shule ya kilimo mwaka 1939, pakawa chuo kikuu kamili 1987. Ukiwa Nakuru, mwambie makanga unaenda Egerton ya Njoro. Kasri la Lord Egerton, mwanzilishi wa shule hiyo, liko Ngata, na si wageni wachache walioshuka huko na barua ya ajira mkononi.

Barua hiyo ndiyo kazi ya siku ya kwanza. Peleka vyeti halisi pamoja na nakala, kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), namba za NSSF (mfuko wa pensheni) na SHA (mamlaka ya bima ya afya), na kadi ya benki. Kinachokwamisha watu ni jina. Kitambulisho kikisema Mary Akinyi Otieno na benki ikimjua Mary Otieno, mshahara unaweza kurudi ulikotoka. Linganisha herufi kwa herufi kabla ya kufika kwa karani. Tena, orodha ya mishahara hufungwa kabla ya mwisho wa mwezi. Aliyeripoti tarehe 20 asipange kodi ya nyumba kwa pesa za mwezi huo. Zitakuja mwezi unaofuata kama malimbikizo. Hati ya mshahara ikifika, anza na makato: SHIF, mchango wa bima ya afya, ni asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, ada ya serikali ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5. Na watu wa mikopo watakuja mapema, hata kabla hujapata kiti. Sheria inataka, hata baada ya makato ya mikopo, theluthi moja ya mshahara ibaki mkononi mwako.

Darasa nalo likaguliwe siku moja kabla, saa ileile ya kipindi. Chumba kinachopendeza saa nane mchana huenda saa mbili asubuhi kinamulikwa na jua ubaoni, na pazia halipo. Jaribu kila soketi, maana safu nzima huweza kuwa imekufa. Projekta nyingi za zamani zina tundu la VGA tu, la kebo za picha za zamani, kwa hiyo adapta ya shilingi mia kadhaa ikae mkobani daima. Halafu uliza funguo zinakaa kwa nani. Mara nyingi ni mzee wa usafi, wala si ofisi ya mkuu wa idara, naye huondoka mapema. Msalimie kwanza, habari za nyumbani, ndipo uombe.

Nyumba? Mitaa ya Njokerio na Ng'ondu ni karibu, ila ni ya wanafunzi, na kelele za Ijumaa ni zao pia. Kaone nyumba mvua ikinyesha. Udongo huu wa volkano ni vumbi Januari, ifikapo Aprili ni sabuni, na kijia kinachoitwa njia ya mkato huwa mfereji.