Shimo kwanza, mche baadaye: miti na maua ya kupanda Kisumu

Mche ukinyauka Kisumu mwezi wa Mei, mvua ikiwa bado inanyesha, usikimbilie kuumwagilia. Kuanzia Nyamasaria ukielekea Ahero, ardhi ni ule udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka hadi kidole kinazama kwenye ufa. Ukishiba maji hauna hewa tena. Mizizi huoza, na mizizi iliyooza haiwezi kunywa, ndiyo maana majani yanalegea kana kwamba yana kiu. Ung'oe mche kidogo uunuse: mizizi ikiwa ya kahawia, laini na yenye harufu ya tope bovu, ni maji yaliyouua.

Kwa hiyo pima shamba lako kabla ya kwenda kitaluni. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, lijaze maji jioni, lijaze tena asubuhi, kisha upime kwa rula. Maji yakishuka kwa pungufu ya sentimita 2.5 kwa saa, hayapiti vizuri. Kipimo hiki kifanywe udongo ukiwa umelowa. Wakati wa kiangazi maji hutorokea kwenye nyufa, ukadhani una udongo mzuri.

Palipo na shida hiyo, inua tuta la sentimita 30, upana wa mita moja, kwa udongo uleule: sehemu tatu za udongo kwa moja ya mboji iliyoiva. Kosa ninaloliona sana ni kuchimba shimo refu na kulijaza mchanga na samadi. Mvua ikinyesha, maji yote ya pembeni huingia humo yakakaa kama kwenye sufuria. Kokoto chini ya shimo nazo hazisaidii, kwa kuwa maji hayaingii kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake uwe umeshiba kabisa.

Pale maji yanapotuama hata baada ya hapo, panda kana, lile ua la majani mapana, hupenda tope. Botobrashi, mti wenye maua kama brashi ya chupa, nayo huvumilia. Kwa mti wa kivuli, siala ndio chaguo langu la kwanza: ni mti wa huku kwetu, maua yake ni ya manjano, na ukikatwa huchipua tena, ila uweke juu ya tuta, maana hauvumilii maji yaliyotuama. Mwarobaini na mfrangipani hustahimili joto vizuri sana, lakini nayo iweke juu ya tuta au upande wa vilima vya Riat, kwenye mawe. Duranta ya manjano hufanya uzio mzuri, ila beri zake ni sumu, basi zipunguze kwa makasi penye watoto.

Nyasi za Kikuyu ni za nyanda za juu. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na bila maji ya kila mara huwa nyembamba, zikaacha mabaka. Nyasi za pasipalamu huvumilia jua na maji yaliyotuama. Panda vipande vyake kwa nafasi ya sentimita 15.

Waridi uliloliona linang'aa Nakuru, kwenye udongo wa volkano unaopitisha maji na usiku wa baridi, huku litapata madoa meusi ya ukungu. Ukilitaka kwa dhati, liachie nafasi ya mita moja upepo wa ziwa upite, na mwagilia asubuhi, chini kwenye shina. Majani yasilale yamelowa.

Bogenvilia ndiyo inayolalamikiwa zaidi: majani tele, maua hakuna. Imelishwa samadi na maji kupita kiasi, au haipati saa sita za jua. Acha kuilisha, ipogoe baada ya kuchanua, na udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena. Siku ya kuipanda, kata kifuko cha naironi kwa wembe pembeni na ukivue taratibu, bonge lisivunjike. Mizizi yake haipendi kuguswa. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ibaki sentimita mbili juu ya tuta, kwa sababu udongo uliochimbuliwa hushuka baada ya mvua ya kwanza.