Kelele Niliyoianzisha Efeso

Mwezi Mei mwaka 2014 niliongoza kundi la washarika 18 kutoka Moshi kwenda Uturuki, kuitembelea miji ambayo makanisa yake yametajwa katika sura za kwanza za Ufunuo wa Yohana. Wakati huo nilikuwa nimefundisha kitabu cha Matendo ya Mitume katika chuo cha Biblia kwa miaka tisa, na sura ya 19, ile ya ghasia za Efeso, ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Niliifundisha kwa namna moja tu: niliwafanya wanafunzi wawacheke Waefeso, watu wazima waliopiga kelele kwa muda wa saa mbili kwa ajili ya sanamu isiyoweza hata kujipangusa vumbi.

Asubuhi ya kuitembelea Efeso tulianzia mahali lilipokuwa hekalu la Artemi, mungu wa kike wa Waefeso, pembeni mwa mji wa leo wa Selçuk. Nilikuwa nimewaandalia wenzangu maneno mengi juu ya fahari yake, lakini tulichokikuta ni bonde lenye majimaji, mawe yaliyotawanyika, na nguzo moja tu iliyounganishwa kwa vipande vya nguzo mbalimbali, ambayo hata haifikii urefu wa zile za zamani. Juu yake korongo walikuwa wamejenga kiota. Plinio, mwandishi wa Kirumi, aliandika kwamba hekalu hilo lilikuwa na nguzo 127, kila moja ikiwa na urefu wa futi 60, na watu wa kale walilihesabu miongoni mwa maajabu saba ya dunia. Hata hivyo lilipotea kabisa chini ya matope, hata Mwingereza John Turtle Wood, aliyeanza kulitafuta mwaka 1863, hakuliona hadi siku ya mwisho ya mwaka 1869.

Mwongozaji wetu, kijana wa Kituruki ambaye maneno yake niliyatafsiri kwa Kiswahili, alitusimulia jinsi hekalu lililotangulia lilivyochomwa moto mwaka 356 kabla ya Kristo na mtu aitwaye Herostratus, aliyetaka jina lake likumbukwe. Akaongeza kwamba, kwa simulizi ya wazee wao, usiku huo ndio aliozaliwa Iskanda (Aleksanda) Mkuu, mfalme wa Makedonia, na Artemi alishindwa kuiokoa nyumba yake kwa kuwa alikuwa amekwenda Makedonia kusaidia uzazi huo. Wengi wetu tulicheka, nami nikawakumbusha jinsi Eliya alivyowadhihaki manabii wa Baali akisema kwamba labda mungu wao yumo safarini. Mama mmoja katika kundi letu hakucheka. Alikuwa mkunga mstaafu, mzee kuliko sisi sote, aliyefanya kazi wodi ya wazazi kwa muda mrefu wa maisha yake.

"Na wanawake wa hapa waliojifungua usiku huo," aliuliza, "walikuwa na nani?"

Sikuwa na jibu, na nakiri kwamba sikulitafuta, kwa sababu akili yangu ilikwisha kutangulia kwenye ukumbi wa michezo, ambako nilikuwa nimepanga jambo langu.

Ukumbi huo umechongwa ubavuni mwa mlima na inakadiriwa kwamba uliweza kuchukua watu wapatao 25,000. Niliwaketisha wenzangu kwenye ngazi za chini, nikasimama pale chini katikati, nikasoma habari za Demetrio mfua fedha, aliyetengeneza vihekalu vya Artemi, na jinsi umati ulivyowakokota Gayo na Aristarko, wenzake Paulo, hadi humo. Nilipofika mahali pa kelele nilifunga Biblia, nikawaomba wote wapaze sauti pamoja, "Artemi wa Waefeso ni mkuu," ili waonje jinsi siku ile ilivyokuwa.

"Mimi hapana, Mwalimu," alisema yule mama.

Nilimjibu kwa upole, lakini mbele ya watu, na hilo halikuwa jema: "Mama, ni maneno ya Biblia hayo."

"Yamo ndani ya Biblia. Hata maneno ya nyoka yamo."

Nilipaswa kuachia hapo. Badala yake niliwageukia wengine, nikahesabu hadi tatu. Mara ya kwanza sauti zilitoka kwa aibu, mara ya pili zilipata nguvu, na mara ya tatu mawe yalizirudisha kwa uzito uliotushangaza wenyewe. Watalii wa mataifa mengine waliokuwa ngazi za juu walipiga makofi, na baadhi yao wakajaribu kuitikia bila kujua tulikuwa tunasema nini. Mara ya nne sikuwa nimeihesabu. Ilijitokea yenyewe, na mimi nilikuwa nikiiongoza kwa mikono yote miwili kama mwalimu wa kwaya. Ndipo nilipomwona yule mama ameinamisha kichwa, midomo yake ikitembea taratibu katika maombi, nikakumbuka kwamba Luka, mwandishi wa Matendo, anasema wengi katika umati ule hawakujua hata sababu ya kukusanyika. Nilishusha mikono. Nilishindwa kuendelea na somo, nikawaambia tu kwamba muda umekwisha.

Jioni tuliingia katika jumba la makumbusho la Selçuk. Humo zimo sanamu za Artemi za marmari zilizochimbuliwa mwaka 1956 kutoka jengo la baraza la mji, ambamo zilikuwa zimefukiwa. Ile kubwa inamzidi mtu kwa urefu, imevikwa vazi lililojaa simba, fahali na nyuki, na kifuani imepangwa miviringo mingi ambayo wataalamu wanabishana kama ni matiti, mayai au kitu kingine. Mwongozaji alieleza kwamba watu waliweka fedha zao katika hekalu lake kama katika benki, kwamba mtu aliyekimbizwa alipata hifadhi humo, na kwamba wanawake walimwita katika uchungu wa uzazi. Nilipoitafsiri sentensi hiyo ya mwisho sauti ilinipungua. Yote hayo nilikuwa nimewahi kuyasoma. Darasani nilikuwa nikiyaruka, kwa sababu mtu mwenye hofu ya kufa hachekeshi.

Usiku nilirudia sura ile hotelini, nikasimama kwenye mstari wa 37, ambapo karani wa mji anauambia umati kwamba watu hawa si wezi wa vitu vya hekalu wala hawakumtukana mungu wao wa kike. Paulo alikuwa amefundisha katika mji huo kwa zaidi ya miaka miwili, akisema waziwazi kwamba vilivyofanywa kwa mikono si miungu, hata biashara ya wafua fedha ikatikisika, na bado karani mpagani aliweza kusimama mbele ya umati na kushuhudia kwamba hakuna aliyesikia tusi. Mstari huo niliupita miaka tisa. Siamini hata leo kwamba Artemi alikuwa kitu. Ibada ile iliwanyima watu Mungu aliye hai, na ni heri ilikoma. Lakini Paulo aliwaondolea Waefeso sanamu bila kuwacheka.

Kesho yake, ndani ya basi kuelekea İzmir, nilikaa kando ya yule mama, nikamwomba radhi. Alinipokea bila maneno mengi. Kisha akataka nimweleze vile vitabu vya uganga ambavyo sura hiyo hiyo inasema Waefeso walioamini walivichoma, vyenye thamani ya vipande vya fedha 50,000. Nilimwambia kwamba mji huo ulisifika kwa maneno fulani yasiyo na maana yoyote, ambayo watu waliyaandika na kuyavaa mwilini kama kinga.

"Hirizi," alisema. Akanyamaza kidogo, halafu akanisimulia juu ya binti mmoja aliyeletwa wodini usiku, mimba yake ya kwanza, mtoto amekaa vibaya, na kiunoni amefungwa hirizi na mama mkwe wake. Muuguzi mwenzake alitaka kuikata kwa mkasi. Yeye alimzuia, akasema kwanza mtoto atoke.

"Alipojifungua salama nilimwuliza kama anajua ni nani aliyemsaidia," alisema. "Nikamwambia habari za Yesu pale pale kitandani, nikamwomba aivue kwa mkono wake mwenyewe."

"Aliivua, Mama?"

"Siku ile hakuivua. Nilimwekea mtoto kifuani, nikawaombea wote wawili, nikaenda kwa mwingine aliyekuwa akiniita."