Mtandaoni tu

Leo siku ya nne. Nilijiambia nikimaliza kuosha vyombo itakuwa imenitoka kichwani. Nimemaliza, nimepanga mpaka yale masufuria ya juu tunayoyashusha Krismasi tu, na bado ipo. Basi niandike.

Jumatatu, kama saa nne hivi, nilikwenda famasi kusaini vitendanishi. Kaka wa Famasi (ndiyo, yule yule wa kisa cha birika nilichowahi kuwasimulia) alikuwa anahesabu vidonge, na kompyuta yake kaigeuza kama kawaida, hata mgonjwa aliyesimama dirishani anaona kioo. Na kwenye kioo kuna picha yangu. Ile ya mwezi wa pili niliyoipiga Kitulo, ile hifadhi ya maua huku nyanda za juu: maua marefu, mekundu juu, manjano chini, yamesimama ndani ya ukungu kama mienge ambayo mtu kaichomeka akaondoka.

Sikuwahi kuiona ikiwa kubwa vile. Nilisimama na karatasi zangu mkononi, moyo ukaruka kama wa binti wa kidato cha pili. Akaingia yule kijana wetu wa intani, wa Tanga, anayevaa sweta mbili tangu ashuke kwenye basi.

"Kaka, hiyo picha umeitoa wapi? Ulaya hiyo?"

"Aa, nimeitoa mtandaoni tu."

Akaendelea na vidonge vyake. Mimi nikasaini, nikasema asante, nikabeba boksi langu nikarudi maabara.

Ni hilo tu. Hakuna aliyetukana mtu. Ila tangu Jumatatu nalisikia kila nikiinamia hadubini. Nimeitoa. Mtandaoni. Tu. Hivi angesema "nimeitoa mtandaoni" bila ile "tu", ningelala? Nimeligeuza pande zote. Labda ni "tu" ya unyenyekevu, kwamba wala si kitu cha kujisifia. Labda ni "tu" ya kumkatisha kijana ili asiendelee kuuliza. Au ni "tu" ya vitu vya bure, kama maji ya mvua, unakinga ndoo unaondoka. Na jambo linalonitafuna zaidi ni kwamba mimi nilikuwa hatua mbili kushoto kwake. Aliniangalia! Akatabasamu! "Mama Tuma, saini na hapa chini." Mtu anayeficha kitu hatabasamu vile. Maana yake hakuwa anaficha. Maana yake hakumbuki.

Ningejibu nini? Nimeshatunga majibu. La kwanza la kicheko: "Mtandao gani huo unaoamka saa nane za usiku na kulala kwenye matope?" Hilo lingefaa kama ningelisema pale pale, kwa kasi. La pili ni kunyamaza, ambalo ndilo nililolitoa, na haliniridhishi. La tatu lilinijia usiku wa kuamkia Jumatano, nikakaa kitandani: ningemgeukia yule kijana nikamwambia, "Dokta, hapo si Ulaya, hapo ni Kitulo. Ukipata siku ya mapumziko nitakupeleka." Basi. Kaka wa Famasi angeelewa mwenyewe, na hakuna ambaye angeaibika. Jibu zuri kabisa, limechelewa siku mbili. Baba Tuma aliniuliza kwa nini nimewasha taa.

Wiki yenyewe imekuwa na mambo yake: mahari ya mdogo wangu ilipokelewa Jumapili, mashine ya damu imefufuka, na barua yangu ya kupandishwa daraja imefika hatimaye, Baba Tuma akanunua kuku. Nilimla yule kuku huku nawaza tu.

Wale mliosoma wakati ule mnajua ile picha ilivyopatikana. Tuliondoka na shemeji usiku wa manane, Uyole tukaipita giza totoro, Chimala tukakunja kulia, tukaanza zile kona 57 za kwenda Matamba na mvua juu yetu. Nilizihesabu mpaka ya 31, kisha nikafumba macho. Kule juu, zaidi ya mita 2,600, ukungu haushuki kutoka mahali, uko tu pale pale, umekuzunguka. Kioo cha kamera kilikuwa kinashika mvuke kila nikikisogelea, nikawa napumulia pembeni kama mtu anayekwepa harufu. Nililala kifudifudi kwenye matope na kitenge changu cha msiba. Saa mbili nzima. Shemeji alirudi kwenye gari akalala.

Mimi kusubiri sikuogopi, ndiyo kazi inayonilisha. Slaidi ya malaria huandiki kwamba hakuna vimelea mpaka umeipitia maeneo 100 chini ya hadubini, na ya 97 inaweza kukuumbua. Ukungu ulifunguka kama dakika nne. Nilipiga picha 61. Nzuri ni moja.

Na hiyo moja Kaka wa Famasi aliiomba wiki tatu. "Mama Tuma, nirushie basi ile ya maua." Mlangoni, kwenye foleni ya chai, mara moja hata msibani. Nami sikumrushia kienyeji. Nilimtumia kama dokumenti, megabaiti nane na zaidi, kwa bando langu mwenyewe, kwa sababu nilitaka aipate ilivyo.

Hapa niseme kidogo, maana mnaoniomba nakala ni wengi na kila siku narudia. Picha inapotoka kwenye kamera yangu ina nukta 6,000 kwa 4,000. Ukiniambia nikurushie WhatsApp kawaida, inakamuliwa, inakufikia na nukta kama 1,600 hivi upande mrefu. Kwenye simu hutaona tofauti, itang'aa vizuri tu. Ila studio wanaposafisha picha inayoeleweka wanataka nukta 300 kwa kila inchi, kwa hiyo hiyo iliyokamuliwa inatosha inchi tano na kidogo. Saizi ya kushika mkononi. Sista wa wodi ya wazazi hakunisikiliza, akaipeleka ya WhatsApp akataka ikae ukuta mzima juu ya sofa, ikatoka chenga tupu, ukungu wangu umekuwa uji wa ulezi. Na anayelaumiwa ni nani? "Kamera yako nayo, Mama Tuma, inahitaji kupelekwa kwa fundi."

Sichukii kuombwa. Niseme ukweli, napenda. Mtu akisema "na mimi nitumie" najisikia kama mpishi anayeongezewa sahani. Sijawahi kudai hata mia. Baba Tuma yeye anaona mimi ni mjinga, anasema weka muhuri, sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999, COSOTA wanaoisimamia wapo, wewe kazi kugawa kama kashata za harusi. Jumanne usiku nikajaribu. Nikaandika jina langu chini kulia, herufi nyeupe, ndogo. Likaangukia kwenye ua. Nikalipeleka kushoto, likaangukia kwenye nyasi, likaonekana kama mtu kasahau kibao cha kuuza kiwanja. Nikafuta.

Kichekesho ni kwamba kutwa nzima mimi ndiye mtu wa muhuri. Majibu hayatoki maabara bila saini yangu, tarehe na saa. Himoglobini ya mtu nisiyemjua, choo cha mtoto wa mtu, vyote vina jina langu chini yake, kila siku, na sijawahi kufurahi hata mara moja. Kitu nilichokilalia kwenye matope hakina.

Kuna picha moja tu nimemnyima kila mtu, ile ya okidi ya zambarau. Mnaniita mchoyo. Sijali. Viazi vya okidi za huku kwetu nyanda za juu vinachimbwa kwa magunia vinavushwa Zambia kupikwa chikanda, kile chakula chao, na hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za Kitulo kufanywa hifadhi mwaka 2005. Ile niliipiga kwa simu, nje kabisa ya mpaka wa hifadhi, na simu inaficha ndani ya picha mahali hasa uliposimama. Ukiituma kama dokumenti, na ramani imekwenda nayo. Hapana. Ua lile litakaa kwangu.

Nilikuwa nimeshaamua leo asubuhi kwamba sitampa tena mtu nakala. Nimeamua kabisa, ndani ya daladala, mkono umeshika bomba. Ila ndani ya mkoba nilikuwa na bahasha ya Mzee wa Getini.

Mzee nilimpiga mwanzoni mwa mwezi, alfajiri moja ya baridi kali. Amekaa kwenye kile kiti chake cha mbao, koti limefungwa hadi shingoni, kikombe kinatoa moshi, na nyuma yake mlima Loleza umeanza kupata rangi. Hakuniomba. Aliniuliza tu, taratibu, "Sasa mwanangu, mimi nina kitochi. Hiyo picha nitaionaje?" Kwa hiyo nikaenda kuisafisha Mwanjelwa, karatasi nene, saizi ya A4. Studio walikuwa na umeme wa kubahatisha, ndiyo maana imechukua muda.

"Shikamoo baba. Nimekuletea ile picha."

"Marahaba mwanangu."

Akafuta mikono kwenye koti. Akaitoa kwenye bahasha, akaiangalia kidogo. Kidogo mno, moyo ukanidondoka. Kisha akaigeuza, akaanza kuangalia nyuma. Akaisogeza kwenye mwanga.

"Mbona huku kweupe?"

"Kweupe vipi, baba?"

"Hakuna jina. Hakuna tarehe. Mimi nikishaondoka, wajukuu watajuaje nani alinipiga?" Akacheka mwenyewe, bega likamtikisika. "Watasema babu alipigwa, aliyempiga hajulikani."

Nikatafuta kalamu, nikapata ile maka ya kuandikia chupa za sampuli. Na mkono ulivyozoea, nikajikuta nimeandika tarehe, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, mahali ilipochukuliwa, jina kamili la mchukuaji. Kama fomu ya makohozi. Nilikaribia kuandika "inafaa kupimwa". Mzee akasoma mstari kwa mstari kwa kidole, akatikisa kichwa kama mtu aliyepokea stakabadhi sahihi. Ndipo akaigeuza tena mbele, na sasa akaiangalia kweli. Gari la kubebea wagonjwa lilipiga honi mara mbili getini hakulisikia.

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo."

Nimekuwa nikitembea na hilo la nyuma kweupe mchana wote. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba picha ina nyuma. Zile za baba, mnazozijua, za kwenye boksi la viatu, tulikuwa tunazigeuza kwanza. Nyuma ndiko kwenye utamu. Muhuri wa studio wa zambarau umekaa upande, na mwandiko: "Ukumbusho kwa rafiki yangu mpendwa, usinisahau." Picha moja ya baba mdogo ina maneno mengi nyuma kuliko barua. Mtu alikuwa hawezi kukupa picha bila kukupa na mkono wake.

Ile niliyomrushia Kaka wa Famasi ilikuwa na nini nyuma? Ilikuwa inaitwa DSC_0417. Nimekwenda kuangalia mazungumzo yetu. Nilituma faili, yeye akajibu dole gumba, nami nikajibu dole gumba. Baada ya hapo zimepita salamu za asubuhi njema zenye mawaridi, mistari ya Zaburi, tangazo la kikoba, video ya mbuzi aliyepanda bodaboda. Miezi minne. Siku alipotaka kitu cha kuweka kwenye kompyuta akafungua simu, akakuta maua. Yalitoka wapi? Kila kitu kwenye simu yake kimetoka sehemu moja. Kwa kweli hakudanganya. Ilitoka mtandaoni, mimi ndiye niliyeipitisha huko.

Kwa hiyo nimemsamehe, nadhani. Mchana nilipokwenda kuchukua glavu nilikuta kabadilisha, kaweka mwanawe siku ya ubatizo, na unajua nilichohisi? Nilihuzunika kwamba maua yangu yametolewa. Binadamu haeleweki. Kijana wa intani ndiye nimemwambia, kwenye chai, kwa sauti ya kawaida, kwamba kule si Ulaya. Akaniangalia na sweta zake mbili. "Yaani kuna mahali pana baridi kuliko hapa, dada, na mtu anakwenda kwa hiari?" Nikamwambia mwezi wa kumi na mbili tukijaliwa. Hakuuliza nani aliyepiga. Sikumwambia. Ile "tu" bado ipo, ila imepungua, iko kama punje ya mchanga kwenye kiatu ukiwa umekaa.

Ndizi za mama zimefika leo na koasta ya Tukuyu, mkungu mzima na maparachichi chini yake. Saa kumi na mbili akanipigia kuuliza kama nimezipata. Nikamwambia nimezipata mama, tena nimeshamenya za jioni. Akafurahi, akauliza Tuma anaendeleaje, tukaagana.

Saa mbili akapiga tena. Akauliza kama zile ndizi zimefika.

Nilimjibu kama vile ndiyo kwanza anauliza, na yeye akafurahi vile vile, kwa maneno yale yale, akauliza Tuma anaendeleaje. Baba Tuma hajajua. Simu nimeiweka hapa mezani karibu na mkono, inakaribia saa nne.