Forester ya turbo, Tabora: sensa za oksijeni kwenye ekzosi mpya ya inchi 3

Gari ni Forester SG5, injini EJ205. Bomba jipya la inchi 3 limeshafungwa kutoka turbo hadi mafla, likiwa na masega madogo ya chuma (katalisti, inayosafisha moshi) katikati. Kilichobaki kilikuwa sensa zinazopima oksijeni kwenye moshi, na hapo ndipo ekzosi nyingi nzuri zinapoharibikia.

Sensa ya mbele haikuguswa. Kwenye gari hili iko kwenye manifoldi, kabla ya turbo, na kontroli boksi (kompyuta ya injini) imepangiwa joto, presha na muda wa moshi wa pale pale. Wapo mafundi wanaoihamishia nyuma ya turbo ili isiungue. Matokeo yake habari inafika imechelewa, mafuta yanarekebishwa kwa kuchelewa, na gari likiwa sailensi (linaunguruma bila kukanyagwa mafuta) mzunguko unapanda na kushuka bila sababu inayoonekana. Gari ambalo kiwanda kiliiweka baada ya turbo, ibaki baada ya turbo. Sheria ni hiyo moja.

Sensa ya nyuma imerudi baada ya masega. Kazi yake kubwa ni kuyachunguza masega, kwa hiyo ukiyatoa kabisa tegemea taa ya injini na kodi ya hitilafu P0420, yaani masega hayafanyi kazi. Kuna wanaoinyanyua kwa kipande cha nati ili isinuse moshi vizuri. Taa inaweza kuzimika, lakini hewa inayotoka nyuma inabaki ile ile chafu.

Sensa ya tatu ni ya waidibendi (yenye upana mkubwa wa vipimo), Bosch LSU 4.9, kwa ajili ya kupima mchanganyiko wa hewa na mafuta wakati turbo inapuliza. Hii ndiyo iliyohitaji tundu jipya. Haiwekwi kabla ya turbo: presha ya pale inapotosha vipimo na joto linaiua mapema. Tumeipa sentimita 70 kutoka mdomo wa turbo, kabla ya masega. Karibu mno inaungua. Mbali mno moshi umepoa na hita yake inahangaika. Na kama bomba lako lina njia ya pembeni ya westigeti (vali inayopitisha moshi pembeni ya turbo), tundu likae baada ya pale njia mbili zinapoungana, moshi uwe umeshachanganyika.

Pembe ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Sensa iinuke angalau nyuzi 10 kutoka usawa wa ardhi, ncha ikitazama chini, ili maji ya mvuke yanayojikusanya ndani ya bomba asubuhi yasiikusanyikie. Ndani yake kuna kauri. Tone la maji likiigusa ikiwa ya moto, inapasuka. Usiiweke chini ya bomba kamwe. Ukipita njia za vumbi, kokoto zitaifikia, na masika madimbwi yataimalizia.

Nati ya kuchomelea ni M18×1.5. Tundu limetobolewa mm 22 na kingo zikapigwa tupa. Wakati wa kuchomelea, acha sensa mbovu ya zamani ndani ya nati, la sivyo joto linavuta meno na sensa mpya haiingii hadi mwisho. Betri inatolewa nyaya kabla ya kuwasha mashine. Bomba la stenlesi juu ya nati ya chuma cha kawaida linataka elektrodi ya 309L. Ile ya kuchomelea mageti itapasuka kwa mtetemo. Nati isiwe ndefu kupita kiasi: matundu ya ncha yote yawe kwenye mkondo wa moshi.

Kukaza: mikono kwanza, kisha spana 22, Nm 40 hadi 45. Sensa mpya ina grisi yake kwenye meno. Usiongeze ya kwako, na isifike kwenye ncha. Silikoni ya kawaida ya gasketi ipigwe marufuku kwenye ekzosi nzima. Mvuke wake unaipaka ncha ukoko mweupe kama chaki, na sensa haiamki tena. Ncha nyeusi ya masizi ni habari nyingine: mafuta ni mengi.

Waya: usichomee kwa risasi. Sensa za kawaida huvuta hewa ya kulinganisha kupitia waya, na risasi inaziba njia hiyo. Tumia viunganishi vya kubana, funga kwa tyubu ya joto, na waya usishike bomba. Waya wa hita ukiachia utaona kodi P0031 kwa sensa ya mbele au P0037 kwa ya nyuma.

Kabla ya kuamini namba yoyote, tafuta uvujaji. Blowa ya vumbi ifungwe kwa kitambaa kwenye mdomo wa nyuma wa ekzosi, sabuni ya maji kwenye kila fulanji, injini ikiwa baridi. Tobo dogo kabla ya sensa linavuta hewa kati ya mapigo ya moshi. Kontroli boksi inaona oksijeni nyingi na kuongeza mafuta, huku wewe ukisoma kodi P0171 (mafuta kidogo mno) na kulaumu pampu ya mafuta. Sasa tunasoma kwa simu na ELM327 (kifaa cha kusomea kompyuta ya gari): marekebisho ya mafuta ya muda mrefu yakae ndani ya asilimia 5, ikizidi 10 rudi kwenye sabuni.

Waidibendi isikae kwenye bomba bila umeme, moshi utaiziba. Hita yake iwake injini ikishawaka, si kabla. Fulanji zitakazwa tena ekzosi ikishapata joto na kupoa mara chache, ndipo mita ya waidibendi itafungwa kwenye dashibodi.