Nilivyoacha kukariri istilahi za biolojia

Istilahi za biolojia zilinisumbua kwa sababu kila moja niliiona kama mgeni asiye na ndugu. Kilichonitoa hapo ni daftari nisilolipanga kwa mada. Kila ukurasa niliupa mzizi mmoja wa Kigiriki au Kilatini, kisha chini yake nikawa naandika istilahi zenye mzizi huo kadiri nilivyokutana nazo.

Ukurasa uliolipa mapema ni wa "lisisi", yaani kuvunja au kuachanisha. Haidro ni maji, basi haidrolisisi ni kuvunja molekuli kwa kutumia maji. Glaiko ni tamu, na glaikolisisi ni kuvunja glukosi. Katika hemolisisi, chembe nyekundu za damu hupasuka. Lisosomu ilipojitokeza sikufungua kamusi: ni kifuko cha kuvunjavunja taka ndani ya seli. Nusu yake ya pili, "somu", ni mwili, nayo ikanifikisha kwenye kromosomu.

Hapo nilikwama kwa muda. Kroma ni rangi. Kitu kinachobeba jeni na rangi wapi na wapi? Kumbe wataalamu wa karne ya 19 walikuwa wakitia seli rangi ili wazione vizuri kwenye hadubini, na kromosomu, zilizoonekana kama vijiti, zilikolea kuliko sehemu nyingine. Mjerumani Waldeyer akazipa jina hilo mwaka 1888. Tangu hapo kila mzizi nauuliza: aliyetoa jina aliona nini? Mitokondria, jina la mwaka 1898, ni uzi na punje, maana ndivyo zilivyoonekana. Kwamba huzalisha nishati ya seli, hilo halimo kabisa katika jina. Hilo utalisoma tu, hakuna njia ya mkato.

Tena kuna majina yanayopotosha waziwazi. Malaria kwa Kiitaliano ni hewa mbaya, na mwaka 1897 Ronald Ross alikuta vimelea vyake ndani ya mbu. Majina ya namna hii nayawekea alama pembeni.

Mizizi inayofanana sura nayo ina vurugu zake. Hemi ni nusu, hemo ni damu, homo ni sawa. Hiyo mitatu niliiandika kwenye ukurasa mmoja makusudi, kila mmoja na mfano wake: hemisferi (nusu mbili) za ubongo, hemoglobini ya damu, kromosomu homologasi (jozi zinazofanana).