Shamba la mjomba lilivyoonekana njano kwenye ramani

Mwezi wa saba mwaka jana nilienda Newala kumsalimia mjomba, jioni tumekaa barazani akanipa simu yake akasema, mpwa wangu hebu niangalizie hii, wanasema shamba langu linaumwa. Kumbe kuna kampuni ilipita kijijini ikaandikisha wakulima wa korosho, ikawawekea app ya kuangalia shamba kwa setilaiti. Nikafungua. Shamba la mjomba lilikuwa njano karibu lote, pembeni kuna wekundu, halafu shamba la jirani yake ambaye hajafyeka toka masika liko kijani safi. Mzee wa watu alishatenga hela ya dawa ya huo ugonjwa wa kwenye app, na hela yenyewe ndo ile ya salfa ya kupuliza mikorosho.

Mi kazi yangu ni ramani, napima viwanja na mashamba hapa Mtwara, kwahiyo lile jambo liliniuma sana, manake nilijua mara moja kilichotokea na nilijua mjomba hana pa kukisoma.

Picha nyingi za hizo app zinatoka kwenye setilaiti za Ulaya zinaitwa Sentinel-2, zinapita juu km 786, zinapiga sehemu ileile kila baada ya siku 5 na zinatolewa bure kwa mtu yeyote duniani. Kapikseli kamoja, yaani kale kamraba kadogo kabisa kanakounda picha, ni mita 10 kwa 10 ardhini. Sasa mikorosho inayopandwa kwa vipimo inakaa mita 12 kwa 12, yaani pikseli moja inabeba kipande cha mti na kipande cha ardhi ya chini yake, na setilaiti inavichanganya vyote inatoa rangi moja. Mjomba alikuwa amefyeka na kusafisha chini ya miti, si unajua korosho huwa tunaokota, sio kuchuma, shamba likiwa na nyasi korosho zinapotelea humo. Kwahiyo setilaiti iliona udongo mtupu, ukijani ukashuka, app ikasema mgonjwa. Jirani mwenye vichaka akaonekana mzima. Mkulima aliyefanya kazi yake vizuri ndo anaambiwa shamba lake baya!

Na sio kwamba kile kipimo cha ukijani ni cha uongo. Kipeleke kwenye shamba kubwa la mahindi, mahindi yameziba ardhi yote, kitakuonyesha vizuri tu wapi mmea umedhoofika. Tatizo ni kwamba kifaa kilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa mahindi kikaletwa kwa mtu wa korosho bila mtu kumuuliza wewe unalimaje, unafyeka lini, unaogopa nini. Mjomba anachoogopa ni ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe unaokamata maua na majani machanga, na huo kutoka km 786 kwa pikseli ya mita 10 hauonekani. Anachohitaji kutoka juu ni hali ya hewa ya siku anazotaka kupuliza, basi.

Nikirudi mjini kuna shemeji yangu mvuvi wa Msangamkuu, yeye picha ya ardhi haimsaidii kitu. Anataka upepo. Na upepo anaupata kutoka setilaiti nyingine kabisa, zile za hali ya hewa zilizoko kama km 36,000 juu ya ikweta, zimekaa palepale zinaangalia upande wetu na kutuma picha kila baada ya dakika 10 mpaka 15. Zile hazioni hata mti, ila zinaona wingu la kimbunga likianza kujikusanya baharini, na kwa mvuvi hiyo ndo mali. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanazitumia na taarifa wanazitoa, ila taarifa inapofika inasema upepo unaofikia km 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 kwa pwani yote ya kusini, wakati shemeji swali lake ni la mtumbwi wake mdogo, alfajiri hii, kusi ikiwa hivi, na bamvua, yale maji makubwa, juu yake. Mwenye meli atasoma hiyo taarifa aendelee na safari. Maneno yaleyale, bahari ileile, ila mahitaji tofauti kabisa.

Mwezi wa tano 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga, mi nilikuwa Lindi nataka kwenda Dar, barabara ikakatika kule Somanga, mabasi na malori yamejipanga watu wanalala humohumo. Mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu kwahiyo picha za kawaida zilikuwa nyeupe tupu. Dawa ya mawingu ni rada, kuna setilaiti za Sentinel-1 zinatuma mawimbi yanayopenya wingu na maji yaliyotulia yanaonekana meusi, mafuriko unayachora kirahisi kabisa. Lakini wakati ule mojawapo ilishaharibika tangu mwisho wa 2021, iliyobaki ilikuwa inarudi sehemu ileile kwa mpangilio uleule kila siku 12. Kwa mhandisi anayepanga daraja jipya siku 12 sio neno. Kwa dereva mwenye samaki kwenye barafu siku 12 ni hasara tupu.

Watu wa gesi wao wako sawa, kwa kweli. Kuanzia Madimba, kwenye kiwanda cha kusafishia gesi huku Mtwara, mpaka Dar bomba ni refu, na mwenye hela anaweza kununua picha za pikseli ya sentimita 30 hivi akaona hata kibanda kilichojengwa karibu na njia ya bomba. Hata wao sio kila kitu kinawafaa, kuna setilaiti inapima gesi ya methani hewani toka 2017, Sentinel-5P, ila pikseli yake ni km 5.5 kwa 7, mvujo mdogo wa kwenye koki hauwezi kuuona. Ila wao wana wataalamu wa kuwaambia hivyo kabla hawajatoa hela. Mjomba hana, na hapo ndo naona kazi yetu sisi watu wa ramani tuliopo huku imelala.

Nilimwambia mjomba asinunue dawa ya huo ugonjwa wa app, angoje kwanza. Mwezi wa kumi nikarudi na picha nyingine. Nilichagua mwezi huo kwa sababu nyasi zimekauka kwa wote, aliyefyeka na asiyefyeka, na mkorosho haupukutishi majani yote, kwahiyo kijani kikubwa kinachobaki ni miti yenyewe. Nikapanga za miaka kadhaa nyuma tukaziangalia moja moja. Miti ya mjomba ilikuwa kama ya mwaka juzi, haina shida yoyote.

Akachukua simu akaisogeza karibu na macho, akaweka kidole kwenye kapikseli kamoja kalikopauka katikati ya kijani. "Hapa ndo ulipokuwa mkorosho wa bibi yako, ule ulioangushwa na upepo." Tukahesabu tukakuta vingine vitatu. Akaniambia mvua za mwezi wa kumi na mbili zikianza nimletee miche minne.