Miji miwili ilipogombea mtaa wetu Texas

Mtaa wetu uko kaskazini mwa Texas, nje ya mipaka ya mji wowote. Ndugu zangu Tanzania hushangaa, maana kwetu kila kipande cha ardhi kina halmashauri yake. Huku ipo ardhi iliyo chini ya kaunti tu: ukiita polisi anakuja sherifu, maji taka yanaishia kwenye shimo lako mwenyewe, na kodi ya majengo ya mji huilipi, unalipa ya kaunti na ya shule. Unafuu huo ndio uliotuvuta wengi, Watanzania na Wakongo.

Kisha miji miwili ikatutaka kwa wakati mmoja, kila mmoja ukitaka kutuingiza ndani ya mipaka yake. Walichokitolea macho ni kona ya barabara kuu, ambako maduka yalikuwa yanajengwa. Jimbo linatoza asilimia 6.25 ya kodi ya mauzo, na juu yake zinaweza kuongezwa hadi asilimia 2 za mamlaka za mitaa. Mji wenye kona ndio wenye fungu hilo. Barua zilipofika, mama mmoja wa Uvira alinijia na yake mkononi: "Ndugu, ni kusema watatufukuza hapa?" Mtu aliyewahi kukimbia kwake haisomi barua ya serikali kama mimi na wewe.

Majirani walianza kubishana mji upi ni bora. Niliwaomba tujue kwanza nani ana haki ya kutuchukua. Tangu 1963 sheria ya Texas inaupa kila mji ukanda nje ya mpaka wake, kuanzia nusu maili kwa mji wenye watu chini ya 5,000 hadi maili tano kwa wenye 100,000 na zaidi. Mji mwingine hauruhusiwi kumega humo bila ridhaa ya mwenye ukanda. Niliiandikia miji yote miwili kwa sheria ya taarifa za umma, nikaomba ramani na maazimio ya mipaka yenye tarehe.

Jibu lilikuwa kwenye tarehe. Mji wa pili ulidai mtaa wetu kwa sababu ulishachukua ardhi kandokando ya barabara, na ukanda wake ukasogea nao. Lakini azimio hilo lilipitishwa wakati sisi tayari tuko ndani ya ukanda wa mji wa kwanza, na ukanda unaokua hauwezi kuingia katika wa mwenzake. Nilisimama mbele ya baraza la mji huo wa pili na ramani mbili, nikasema hayo tu. Baadaye wakaliondoa pendekezo lao.

Ukabaki mji wa kwanza. Tangu 2019 mji hauwezi kuwachukua watu kwa nguvu; eneo lenye wakazi chini ya 200 linahitaji saini za zaidi ya nusu ya wapiga kura walioandikishwa. Hapo ndipo nilipopata wasiwasi: wengi wetu tuna nyumba na kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu, kura hatuna. Wachache wangetuamulia. Ila sheria inaendelea: ikiwa wapiga kura hao hawamiliki zaidi ya nusu ya ardhi, zaidi ya nusu ya wenye ardhi nao lazima wasaini. Tulipitia orodha ya kodi nyumba kwa nyumba, mezani kwangu. Ardhi ya wapiga kura haikufika nusu. Yule mama aliitoa hati yake kwenye mfuko wa nailoni, akaonyesha jina lake kwa kidole. Nikamwambia, "Mama, bila nyinyi wenye hati hawapiti."

Mwenye maduka aliomba mwenyewe kuingia mjini, akakubaliwa. Nyumba zetu zimebaki kaunti.

Sasa tunajadili sheria ya 2023, inayowaruhusu wenye ardhi kuomba kutolewa kabisa kwenye ukanda. Mimi nataka tutoke. Jirani ambaye shimo lake hufurika kila mvua kubwa anataka bomba la maji taka la mji, naye ana hoja. Saini bado hatujaanza kukusanya.